Mkwe Hatazamwi

Ziwani, Nairobi
11 Februari 1996

Kwa Dkt. Wekulo Nalianya,

Sikuandikii kukusalimu. Salamu ni za watu wanaojuana, na mara ya mwisho mimi na wewe kuonana nilikuwa bado navaa sare ya shule ya msingi. Ulikuwa umesimama barabarani karibu na kioski cha Mama Ngui. Ulinipa mfuko wa maandazi, ukauliza nimekuwa wa ngapi darasani, ukaenda zako. Baadaye nikasikia umehamia Zambia. Sikulia, kama unataka kujua.

Naandika kwa sababu ya Kukhu. Wiki iliyopita nilikuwa nafua nguo zake nikaona doa kwenye blauzi, upande wa kushoto. Nikadhani ni mchuzi. Nikachukua blauzi nyingine, doa pale pale. Nilipomuuliza alinikaripia, eti msichana aliyelelewa vizuri hapekui nguo za nyanya yake. Nikangoja aingie kuoga, nikaingia bila kubisha. Titi la kushoto lina uvimbe mgumu na chuchu imezama ndani. Anasema alianza kuusikia kabla ya Krismasi ya mwaka juzi. Mwaka juzi! Tunalala chumba kimoja, kinachotutenganisha ni pazia tu, na sikujua.

Sista wa zahanati amesema apelekwe hospitali kubwa bila kuchelewa. Kukhu hataki kusikia. Anasema kisu kikimfungua mtu hewa inaingia, na hewa ikiingia ugonjwa unatawanyika mwili mzima kama siafu waliochokozwa. Majirani wote wanamuunga mkono, na mfano wanaoutoa ni mama yangu. "Si Lorine alikatwa na mume wake mwenyewe, huyo daktari aliyekuwa akiandikwa magazetini? Na si alirudi nyumbani ndani ya sanduku?" Mama Ngui alisema hivyo mbele yangu huku akinipimia unga.

Basi nina swali moja. Je, kuna dawa isiyohitaji kisu? Nijibu hilo tu. Aliyenisukuma kuandika ni rafiki yangu Falis, tunayeshona naye sare za shule kule Kariobangi. Aliniambia, "Si buda yako ni daktari? Mwandikie bana, wacha maringo." Maringo sina. Nina hofu.

Kukhu hajui nimekuandikia. Jina lako halitajwi nyumba hii.

Everline Nalianya


Lusaka
27 Februari 1996

Mpendwa Everline,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Mwandiko wako umefanana na wa mama yako, hasa herufi zinazoning'inia chini ya mstari.

Nijibu swali lako kwanza. Hakuna. Zipo dawa za kusaidia baadaye, na ipo mionzi, lakini uvimbe huo lazima utolewe. Kuhusu hewa, hayo nimeyasikia kila Jumanne tangu nilipofungua kliniki yangu ya kwanza ya uvimbe wa matiti, katika chumba walichokuwa wakihifadhia magongo ya wagonjwa. Hakuna aliyetaka kazi ile. Wenzangu walisema nimejichimbia kaburi la taaluma yangu. Wanawake walikuja wakiwa wamechelewa, wengine wamebebwa mgongoni, na ugonjwa ulikuwa umeshatangulia mbele ya kisu. Wakifa, kisu kinalaumiwa. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua, nami nimekisikia kilio hicho mara nyingi mno.

Niambie, kwapani kuna uvimbe? Mkono umejaa? Anakohoa? Mgongo unamuuma akilala? Nisamehe, nakuandikia kana kwamba naandikia wodi. Ndiyo lugha niliyobaki nayo.

Mimi siwezi kumkata, kwa mambo mawili. La kwanza, yeye ni mama mkwe wangu. Kwetu Bubukusu mtu na mama mkwe wake hawashikani mkono, wala mkwe haingii mahali mama huyo anapolala. Ndiyo maana nilikuwa nasimama barabarani. Kijijini ningeketishwa nyumba nyingine nikaletewa chai. Nyumba ya Ziwani ni chumba kimoja na kitanda chake kimo humo humo, kwa hiyo ukumbi wangu ukawa barabara. Huenda hakuna aliyekueleza. Sasa mtu nisiyeweza kumpa mkono, nitamvuaje blauzi?

La pili, baada ya mama yako niliweka kanuni ambayo wanafunzi wangu wote huijua: daktari hamkati mtu wa nyumba yake. Mganga hajigangi.

Mpeleke kwa Dkt. Ruqiya Keynan. Ni mtoto wa Eastleigh, babake alikuwa muuza vitambaa, na mimi ndiye niliyemfundisha kushika kisu. Nimeshamwandikia. Jumanne ile niliyoianzisha sasa ni yake. Lakini Kukhu asijue kwamba mimi nina mkono katika jambo hili. Ana sababu zake za kunikataa, nami sizipingi.

Usikawie, mwanangu.

Baba yako,
W. Nalianya


Ziwani
2 Aprili 1996

Kwa Daktari,

Umenieleza habari za barabara na nimekusikia. Mila hiyo naijua, si mgeni kiasi hicho. Lakini mila haizuii barua. Zambia kuna posta. Kila Krismasi nilikuwa naenda kuangalia sanduku la kanisa ambalo barua zetu hupitia, nikijifanya nimetumwa na Kukhu. Hebu nieleze na hilo.

Sasa haya ya mgonjwa. Kwapani kuna kitu kama punje ya harage. Hakohoi. Mgongo hasemi, lakini yeye hata akikanyaga moto hasemi.

Nilimpeleka kwa Dkt. Ruqiya kwa uongo, nikamwambia tunaenda kupimwa presha. Mambo yalianza vizuri, sikutarajia. Daktari alimshika mikono yote miwili akaipasha joto katikati ya viganja vyake kabla ya kumgusa popote. Kukhu akamwuliza, "Mbona unanigeuzageuza kama chapati?" Wakacheka wote wawili. Kukhu akajifungua vifungo mwenyewe, jambo ambalo mimi sikuwahi kuruhusiwa hata kuliomba. Nikaanza kumshukuru Mungu.

Halafu Dkt. Ruqiya akasema, bila kufikiri, "Ndivyo alivyotufundisha mwalimu wetu, Dkt. Nalianya." Neno lilikuwa limeshatoka. Nilimwona akijiuma mdomo, na mikono yake ikaanza kutetemeka.

Kukhu aliitazama mikono hiyo. Akafunga vifungo kimoja kimoja, akachukua mkoba wake, akatoka. Tangu siku hiyo hataki kurudi kwake. Juzi tu, tukichambua mboga, aliniuliza, "Huyo mtu bado anakaa peke yake?" Nikasema sijui, akaendelea na mboga zake.

Umeona? Hata jina lako likipita tu mlangoni linaharibu kitu. Nilikuwa nimebakisha mtu mmoja duniani.

Everline


Lusaka
19 Aprili 1996

Mpendwa Everline,

Mila haizuii barua. Barua nilizianza, tena nyingi, na kila moja ilifika mahali ambapo lazima nikueleze habari za mama yako, ikaishia hapo. Hii nitajaribu kuimaliza.

Lorine alipougua, hapakuwa na mwingine nchini wa kumfanyia kazi ile. Waliokuwepo walikuwa ng'ambo, na safari ingechukua muda ambao hatukuwa nao. Nilimwambia nitatafuta mtu. Akasema, "Mimi nataka mkono ninaoujua." Nikakubali. Kiburi kilikuwepo pia, sitakuficha. Uvimbe nilikuwa nimeshautoa wakati damu ilipoanza kuvuja kwapani, nami nikakimbia huku na huku ndani ya jeraha nikitafuta inapotoka, badala ya kutulia. Wauguzi walikuwa wakiningojea mimi niseme la kufanya. Mimi sikuwa na wa kumngojea.

Nilipotoka nilimkuta nyanya yako kwenye benchi. Mlango ulifunguka, akaniangalia mara moja tu, kisha akageuza uso. Hakulia, hakunilaani. Aligeuka akautazama upande wa pili hadi nilipopita. Matusi ningeyavumilia. Mgongo ule umekaa nami mpaka leo. Nikaona mtoto wake nimemuua, mjukuu wake angalau nimwachie.

Hapa nimefundisha vijana wengi, na wananiheshimu. Jioni narudi nyumbani, nawasha redio ili pawe na mtu anayezungumza, napika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki. Sikuambii haya unihurumie. Umeuliza kama niko peke yangu, au tuseme yeye ameuliza. Ndiyo, niko peke yangu.

Lakini punje hiyo ya harage haitatungoja tumalize kulaumiana. Ugonjwa umeanza kutoka nje ya titi. Mbembeleze, mdanganye, mwite mchungaji, fanya lolote. Mwambie nimekufa, kama hilo litamfanya arudi kwa Ruqiya.

Baba yako,
W. Nalianya


Ziwani
8 Mei 1996

Baba,

Sikumwambia umekufa. Kwa jinsi ninavyomjua, angeanza kupanga matanga na kusahau ugonjwa wake.

Nilimwambia ukweli mwingine: kwamba tunaandikiana, na kwamba wewe ndiye uliyemtafutia Dkt. Ruqiya. Nilijiandaa kwa makelele. Hakupiga kelele. Aliomba maji, akanywa, akakaa. Halafu akanipa maneno haya, akanikariria mara mbili kama anavyofanya anaponituma dukani.

Anasema yuko tayari kukatwa na huyo msichana wa Keynan. Lakini siku hiyo wewe uwe ndani ya chumba. Usimtazame. Usimame ukiangalia ukuta tangu mwanzo hadi mwisho, na usiseme neno. Usipokuja, hakatwi.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Kwani nimekutuma kuuliza? Peleka maneno kama nilivyokupa."

Mimi nadhani nimeelewa. Anataka usimame pale usikie, usiweze kufanya lolote, kama yeye alivyokaa kwenye benchi asiweze kufanya lolote. Ni jambo gumu kumtendea mtu wa umri wako. Sitakulaumu ukikataa. Nitakuwa nimesema uongo nikikwambia sitaumia.

Uvimbe sasa umepasuka, na kidonda kimeanza kutoa harufu. Anajipaka manukato mengi na majirani wanamtania kwamba amepata mchumba.

Everline


TELEGRAMU
LUSAKA 17 MEI 1996
NAKUJA. MWAMBIE RUQIYA ANICHAGULIE UKUTA.
NALIANYA


Lusaka
14 Juni 1996

Mpendwa Everline,

Nisamehe kwa kuondoka vile. Nisamehe pia kwa kilichotokea pale mlangoni asubuhi. Nilikupita. Nilimwona msichana mrefu ameshika kikapu na kanga, nikamwambia samahani dada, nikapita. Uliponiita "Baba" nilikuwa nimeshafika mwisho wa ujia, nami sikurudi. Nimepasua maelfu ya watu na mwanangu simjui sura. Hilo nalibeba.

Baadaye tulikaa benchi moja na hatukuzungumza. Nilikuwa na maneno, nadhani na wewe ulikuwa nayo. Kwa hiyo naandika. Una haki ya kujua yaliyotokea ndani.

Waliniingiza kabla yake, nimevaa kofia na barakoa kama zamani. Sista Mativo, ambaye tulianza naye kazi chumba cha magongo, alinielekeza pembeni akasema, "Ukuta wako ni huu, Daktari." Akajaribu kucheka. Nikageuka. Nikasikia magurudumu ya kitanda yakiingia, na sauti ya Kukhu ikiuliza, "Amefika?" Ruqiya akamjibu, "Amefika, Mama, yuko ukutani." Akasema, "Haya, tuendelee," kama mtu anayeanzisha mkutano wa kanisa. Kisha dawa ikamchukua.

Everline, sikujua kazi yangu ina sauti. Miaka yote nilikuwa naitazama. Nilisikia vyuma vikiwekwa kwenye sinia kimoja baada ya kingine, nikajua wamefika wapi kwa mlio wake. Nilisikia Ruqiya akiomba vitu kabla hajavihitaji, na hiyo ndiyo dalili ya daktari mzuri. Nilianza hata kujivuna, huku nimetazama rangi ya kijani iliyobanduka.

Halafu, walipofika kwapani, pakawa kimya. Ukimya huo naujua. Mtu akasema damu, mwingine akasema vitambaa zaidi. Nikamsikia Ruqiya akipumua haraka haraka, akaita, "Mwalimu."

Niliambiwa nisiseme na nisigeuke. Kila kiungo changu kilitaka kugeuka. Nikafikiri, nikivunja agizo nimemvua nguo mama mkwe wangu mbele ya macho yangu, na nisipolivunja huenda nikamuua kama mwanawe. Ruqiya akaita tena.

Kuna kitu ninachowafundisha wanafunzi wote, nilichojifunza kwa kifo cha mama yako. Damu ikitoka usikimbilie chuma. Weka kitambaa, bonyeza, uhesabu polepole, na usichungulie. Wengi huchungulia, ndiyo maana damu haikomi. Darasani nilikuwa nagonga meza kuwapa mwendo wa kuhesabu. Basi niliinua mkono, nikaanza kugonga ukuta kwa kidole. Taratibu. Nikasikia Ruqiya akivuta pumzi, na kupumua kwake kukaanza kufuata mwendo wangu. Niligonga mpaka kidole kikafa ganzi. Kisha nikasikia kitambaa kikiinuliwa, na Ruqiya akasema, "Imekoma. Uzi, tafadhali."

Nililia pale pale. Barakoa ni kitu kizuri kwa mzee.

Sikungoja azinduke. Sikutaka uso wangu uwe wa kwanza kuuona. Mwambie nimeipokea adhabu yake, na ilikuwa ya haki. Alitaka nijue kukaa nje ya mlango kulivyo. Sasa najua, na sitamsumbua tena.

Baba yako,
Wekulo


Ziwani
7 Julai 1996

Baba,

Kukhu ametolewa nyuzi. Anaenda mionzi kila siku ya kazi na anarudi amechoka, lakini mdomo haujachoka hata kidogo. Jumapili aliwaita wanawake wa mtaa, akafungua blauzi mbele yao, akamwambia Mama Ngui, "Haya, nionyeshe hewa iliingilia wapi." Jumanne iliyopita Mama Ngui alinifuata pembeni akaniomba nimsindikize kwa Dkt. Ruqiya, maana kuna kitu amekuwa akikisikia na hakutaka kusema. Tulikuta wengine wawili wa Ziwani kwenye foleni. Walijifanya wamekuja kumwona mgonjwa. Dkt. Ruqiya hamwahidi Kukhu miaka mingi. Anasema tumshukuru Mungu kwa mwaka huu.

Nilimsomea barua yako, yote. Alicheka nilipofika kwenye ukuta uliobanduka. Nilipofika kwenye adhabu alinyanyua mkono ninyamaze. Halafu akaniambia nichukue kalamu. Haya ni maneno yake, sijaongeza langu.

"Mwandikie mkwe wangu hivi. Adhabu ya nini? Mimi nimekosa kazi ya kufanya?

"Siku ile ya Lorine niliona mlango ukifunguka akatoka mtu mmoja. Kila mgonjwa pale alikuwa na watu wake kwenye benchi. Yeye hakuwa na mtu. Mikono yake ilikuwa inaning'inia tu. Nilitaka kuinuka nimshike. Lakini mimi ni mama mkwe. Mkwe hatazamwi, mkwe hashikwi. Nikageuza uso nisimvunjie heshima, maana alikuwa ameshavunjika vya kutosha. Nilifikiri anajua. Ni mtu wa kwetu, ametahiriwa kwetu, angekosaje kujua? Jina lake nalo silitaji kwa sababu hiyo hiyo. Nilingoja atume mtu wa katikati, shangazi au mjomba, kama inavyofanywa. Hakutuma. Nikasema basi, amenichoka, ananiona nilimpa mke asiye na afya.

"Nimewaza miaka yote hii, siku ile ndani ya kile chumba nani alisimama na yeye? Hakuna. Angekuwepo hata mtu mmoja wa kumwambia tulia, labda mwanangu angekuwa hapa. Labda asingekuwa. Mungu anajua. Sasa huyu msichana wa Keynan nilimwona mikono ikimtetemeka. Nikasema, huyu hataachwa peke yake na kisu, hata kama wa kufa ni mimi. Nikamwita mwalimu wake. Ukuta ulikuwa wa heshima yangu, si wa adhabu yake. Mwambie nimesikia aligonga. Ruqiya aliniambia. Mwambie ahsante."

Baada ya kusema hayo alijifunika, akasema nisimwangalie. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi hadi alipoacha kulia.

Sasa ni mimi. Baba, nimekuchukia tangu nikiwa mtoto. Nilikuchukia kwa niaba ya mama, na kwa niaba ya Kukhu, na nilijiona nina wajibu wa kufanya hivyo kwa kuwa wao hawakusema. Hasira hiyo imenilea karibu sawa na Kukhu alivyonilea. Sasa nimeambiwa kwamba hakuna aliyemkosea mwenzake, kwamba mlikuwa mnaheshimiana tu, mmoja barabarani na mwingine ndani ya nyumba, na mimi katikati nimeshika mfuko wa maandazi. Sijui niipeleke wapi hasira hii. Ilikuwa kubwa, na sasa haina mwenyewe.

Nimemwambia mchungaji, akaniambia niombe. Nimemwambia Falis, akaniambia, "Zii, hiyo ni ya buda yako, mpelekee." Basi nakuletea. Shangazi Nalianya wa Bungoma amekubali kuwa mtu wa katikati. Kukhu atahamia na kitanda chake kwa Mama Ngui akungojee huko, nawe utaketishwa kwetu. Mimi nitakuwa barabarani mapema, na safari hii usiniite dada.

Mwanao,
Everline